Mkunga Sabina na Neno la Kisiwani

Saa mbili asubuhi, jua limeshaingia kwa dirisha la upande wa ziwa, na benchi la kliniki ya wajawazito katika zahanati moja ya Mkuyuni, jijini Mwanza, limejaa hadi wengine wamesimama. Ndani, nyuma ya pazia la kijani, Sista Sabina Maige ameinama juu ya tumbo la binti mmoja. Sikio ameliegemeza kwenye fetoskopu, kile kifaa cha bati kinachofanana na tarumbeta dogo. Macho ameyafumba.

Binti aliyelala kitandani anaitwa Kashindye. Anauza nyanya na vitunguu sokoni hapo hapo Mkuyuni, na huu ndio ujauzito wake wa kwanza. Amekaza meno, anamwangalia mkunga usoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Sabina anainuka taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Anatwanga," anasema.

Kashindye anabaki kidogo bila kuelewa, kisha anacheka. Kwa vijana wa mjini, kutwanga ni kupiga simu. "Anamtwangia nani, sista?"

"Anakutwangia wewe. Pokea."

Baada ya hapo ndipo mkunga anachukua mashine ndogo ya kusikilizia, anapaka mafuta yake tumboni, na chumba chote kinajaa sauti ya moyo wa mtoto, mbio mbio, kama mtu mwepesi anayekimbia juu ya majani makavu. Kashindye anaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yanamtoka pembeni hadi masikioni.

Kwenye kadi, mahali palipoandikwa mapigo ya moyo wa mtoto, Sabina anajaza tarakimu kama taratibu zinavyotaka. Lakini neno lenyewe, mapigo, mama mjamzito hatalisikia kutoka kinywani mwake. Wauguzi vijana anaofanya nao kazi wamezoea, na wengine wameanza kumuiga bila kujua kisa chake.

Kisa chenyewe kilianzia kisiwani, na ukimuuliza anakaa chini kwanza.

Sabina ana miaka hamsini na tisa, na mwakani anastaafu. Amezaliwa Kisesa, si mbali na Bujora, kwenye familia ya wakulima wa pamba wenye ng'ombe wachache. Anakumbuka misimu ya baada ya mavuno, vikundi vya ngoma vikishindana, na watoto wakitoroka kazi za nyumbani kwenda kusimama nyuma ya wapigaji.

"Kwangu mimi mapigo yalikuwa ya ngoma," anasema. "Ukisema mapigo, mwili wenyewe unaanza kucheza. Chuoni walipotufundisha mapigo ya moyo, nikaona neno zuri hilo. Moyo nao una ngoma yake."

Mwaka 1988, akiwa ametoka tu chuoni, alipangiwa zahanati ya Nabwera, kisiwa kidogo ng'ambo ya Ukerewe. Alipanda meli kutoka Mwanza mpaka Nansio, kisha boti ya wafanyabiashara wa samaki, sanduku la bati likiwa mapajani lisilowe. Hakuwa amewahi kulala mahali penye maji pande zote.

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili, kitanda kimoja cha kuzalishia na taa ya chemli. Mshahara ulifika kwa meli, na mara nyingine ulichelewa hadi miezi miwili. Samaki hawakukosekana. "Nilikula sato mpaka nikawa naota maharage," anasema, na uso wake unafunguka.

Kilichomtesa ni lugha. Watu wa Nabwera walizungumza Kijita na Kikerewe. Kiswahili walikuwa nacho, lakini cha mahali pawili tu: kanisani, na ufukweni kwenye biashara ya samaki. Sabina alikuja na Kisukuma chake na Kiswahili cha darasani.

Mwanamke aliyemfundisha Kiswahili upya anaitwa Nyangeta. Alikuwa mke wa mvuvi wa dagaa, Venant. Mrefu, wa maneno machache. Mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika, zote zikiwa zimeshaonekana kwa watu, na kisiwa kizima kilijua. Mimba ya tatu ilipofika miezi saba alikuwa bado hajakanyaga zahanati. Sabina alimvizia njia ya kuchotea maji, akamsalimia, akamsindikiza, akamsaidia kujitwika ndoo. Hatimaye siku moja Nyangeta alikuja mwenyewe, akajilaza kitandani.

Sabina akaweka fetoskopu, akasikiliza. Moyo wa mtoto ulikuwa safi kabisa, wa haraka, haukosei.

"Nilifurahi kuliko yeye," anasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nikamwambia kwa furaha yote: mapigo ya mtoto wako ni mengi, na yana nguvu sana."

Nyangeta aliuliza jambo moja tu. "Mengi?"

"Mengi, mama. Yanafuatana, hayaachi nafasi."

Mwanamke yule akaketi. Akafunga khanga yake, akashuka kitandani, akatoka. Kadi aliiacha mezani. Sabina alidhani ana haraka ya kwenda kupika.

Kesho yake hakuna mama aliyekuja kliniki. Keshokutwa vilevile. Sabina alifagia zahanati, akachemsha vyombo, akapanga dawa zilizokwisha kupangwa. Wanawake waliopita na ndoo zao walikata kona mapema, wakapita mbali na mlango wake. Aliowasalimia waliitikia wakiwa wameshampa mgongo.

Aliyemfumbua macho alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Josephat, mzaliwa wa kisiwa hicho hicho. Alikuja alasiri baada ya masomo, mikono imejaa chaki. Sabina alimuuliza anaumwa nini. Alisema haumwi. Alikaa kwenye benchi la nje, akauliza habari za Kisesa, habari za mvua, habari za wazazi, na ndipo akauliza alichokuja kuuliza.

"Sista, ulimwambia nini mke wa Venant?"

Sabina akarudia maneno yake, neno kwa neno. Mwalimu akainamisha kichwa. Hakucheka, na hilo Sabina hajalisahau mpaka leo.

Akamweleza polepole. Ufukweni, pigo ni kipigo, au ni hasara: nyavu zikichanika, boti ikizama, watu wanasema fulani amepata pigo. Na kanisani, katekista alikuwa amewafundisha kwa majuma kadhaa habari za mapigo ya Misri; maji kuwa damu, vyura, nzige, mpaka lile la mwisho, la kufa kwa wazaliwa wa kwanza. Wanawake walikuwa wakitoka kanisani wanayahesabu njiani. Nyangeta ambaye hajawahi kushika mtoto wake mkononi, aliyelala pale akiomba huyu mmoja awe mzaliwa wake wa kwanza, ameambiwa na mtumishi wa serikali aliyevaa nguo nyeupe kwamba mapigo ya mtoto wake ni mengi, yanafuatana, hayaachi nafasi.

"Nilisikia baridi," Sabina anasema. "Jua linawaka, mimi nasikia baridi."

Mwalimu alikuwa na neno la pili. Venant ameshapata boti. Wanamvusha mkewe kwenda upande wa Majita, kuna mganga huko wa kuondoa mikosi, na wanasubiri tu upepo utulie kidogo. Sabina alilijua ziwa kwa majuma machache tu, lakini majuma hayo yalimtosha. Kutwa nzima kwenye boti isiyo na kivuli, mawimbi yakipiga, mwanamke ana mimba ya miezi saba na mbili zimeshamtoka. Mtoto angeweza kuzaliwa humo botini, na hapo maneno yake yangekuwa kweli kwa namna waliyoyaelewa wao.

Akamwomba Mwalimu amsindikize asubuhi, amtafsirie. Josephat alisema asubuhi ana darasa. Kisha akasema darasa litasubiri.

Walipofika, mama mkwe wa Nyangeta alikuwa ameketi uani, anachambua dagaa waliotandazwa kwenye nyavu kuukuu. Aliitwa Bibi Nyabise. Shikamoo waliyompa aliiitikia, marahaba moja kwa wote wawili, lakini vigoda hawakuletewa. Venant alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, kama anayezuia mtu kuingia au kutoka. Nyangeta alikuwa ndani.

Sabina alieleza, Josephat akatafsiri. Alieleza tena. Kadiri alivyoeleza, ndivyo alivyoona maneno hayafiki. Kila alipolazimika kulitaja lile neno ili kulikanusha, vidole vya bibi vilisimama juu ya dagaa. Majirani walishaanza kujaa kwenye ua.

"Nikaona nikiendelea kusema nitaharibu," anakumbuka. "Nikatoa fetoskopu kwenye mfuko. Nikaiweka hapa kwangu." Anaonyesha kifua, upande wa kushoto. "Nikamwambia Mwalimu, mwambie bibi asikilize mwenyewe."

Bibi Nyabise alikataa kwa kutikisa kichwa. Kifaa kimebaki kifuani, hakuna anayesogea. Ndipo Josephat akapiga goti kwenye mchanga na kuweka sikio lake.

Mwalimu mzima, kapiga goti mbele ya nesi mgeni, kichwa kimeegemea kifuani kwake, mbele ya wanawake wa mtaa. Mmoja akaguna. Mwingine akacheka chini chini, kisha ua wote ukaangua kicheko. Hata Venant alikwepesha uso.

"Kunasemaje huko, Mwalimu?" mwanamke mmoja alimuuliza kwa Kijita.

"Kunakwenda mbio," Josephat akajibu kwa lugha hiyo hiyo, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Sabina hakujua walichocheka mpaka alipotafsiriwa wakati wa kurudi. Anasema kweli moyo wake ulikuwa ukienda mbio, na haukuwa kwa ajili ya boti peke yake.

Kicheko kilipopungua, Bibi Nyabise alifuta mikono kwenye khanga, akanyanyuka. Alimsikiliza Josephat kifuani kwanza, maana huyo ni kijana wao. Kisha akakiweka kifaa kifuani pake mwenyewe, akashindwa kujiinamia, wakacheka tena, safari hii naye akiwamo. Halafu akakichukua, akaingia nacho ndani bila kuaga.

Walisubiri uani. Sabina anasema hajawahi kungoja vile tangu siku ile, hata kwenye uzazi mgumu, kwa sababu kwenye uzazi mikono yake huwa na kazi.

Alimsikia bibi ndani akiuliza jambo, na Nyangeta akajibu kwa sauti ndogo. Alisogea mlangoni, Venant akampisha. Nyangeta alikuwa amelala kwenye mkeka, na bibi amepiga magoti, anatafuta mahali. Sabina akashika mkono wake, akausogeza chini kidogo, upande ambao mgongo wa mtoto ulikuwa siku ile. Kisha akaondoa mkono.

Bibi Nyabise alisikiliza kwa muda mrefu. Aliinua kichwa, akaelekeza sikio nje, kama mtu anayehakikisha sauti haitoki kwa jirani. Akainama tena. Alipoinuka mara ya pili, alikunja ngumi na kuanza kuigonga sakafuni, taratibu kwanza, kisha haraka, ile ile ya mtoto. Akatafuta neno la Kiswahili, kwa heshima ya mgeni.

"Anatwanga," akasema. "Mtoto anatwanga."

Akautwaa mkono wa mkwewe, akaugonga kiganjani vilevile, mara nyingi, mpaka Nyangeta akaelewa. Kila mtu kisiwani anajua maana ya sauti ya kinu kutoka nyumba ya jirani. Anayetwanga mihogo ana afya, ana chakula, na leo atapika.

Boti haikuondoka. Majuma sita baadaye, mchana, Nyangeta alikuja zahanati kwa miguu, akiwa ameshikwa na uchungu, mama mkwe wake akimfuata na chupa ya uji. Uchungu ulikuwa mrefu. Kuna wakati Sabina alisikiliza, akasikia moyo wa mtoto unalegea, unajivuta, unakawia kurudi. Bibi alikuwa ameketi upande wa kichwa cha mkwewe, na alimtazama Sabina.

"Anatwanga?"

Sabina alimgeuza Nyangeta kwa ubavu wa kushoto, akamnywesha maji, akamwambia apumue naye, akaweka sikio tena. Nje kulikuwa na ndege wa ziwani wakigombania utumbo wa samaki. Kisha, kidogo kidogo, sauti ikaanza kukazana.

"Amechoka, amepumzika," alimwambia bibi. "Sasa anatwanga."

Alizaliwa mtoto wa kike, analia kabla hajatoka mabega. Hakupewa jina la nesi, kama hadithi za namna hii zinavyopenda kwisha. Alipewa jina la mama yake Bibi Nyabise, na Sabina anasema ndivyo ilivyostahili. Leo binti huyo ni mama wa watoto wanne na anaishi Musoma.

Baada ya hapo benchi la zahanati lilijaa. Wanawake wa Nabwera waliingia na swali lao mlangoni, na wakwe zao wakataka zamu ya kusikiliza. Sabina aliwaruhusu. Alijifunza Kijita cha kutosha kutukania kuku, anavyosema. Josephat naye aliendelea kuja alasiri, bila ugonjwa, na mwaka uliofuata wakafunga ndoa katika kanisa lile lile la katekista wa mapigo, ambaye siku hiyo alikula wali kuliko mtu yeyote.

Waliishi Nabwera miaka kumi na sita. Ukimuuliza Sabina kuhusu miaka hiyo, majibu hayafuati mpango. Anazungumzia harufu ya dagaa asubuhi. Anazungumzia redio ya Mwalimu iliyoshikiliwa na waya, na jinsi alivyokuwa akipanda nayo juu ya jiwe kutafuta masafa wakati wa mpira. Anazungumzia Jumapili baada ya misa, watoto wao wawili wakiwa wamelala, mume wake akijinyoosha kwenye mkeka nje na kumtaka amsikilize kifuani, eti ahakikishe bado yumo.

"Alikuwa mtu wa utani," anasema. "Namuwekea fetoskopu, ananiuliza, natwanga? Namwambia, unatwanga mihogo mibichi. Ndiyo mchezo wetu huo. Tulikuwa hatuna televisheni."

Alimwita mumewe Mwalimu maisha yake yote, hata jikoni.

Walihamia Mwanza watoto walipofikia umri wa sekondari. Josephat alipata shule ya mjini, Sabina akapangiwa Mkuyuni, na huko ndiko alikobaki. Mji ulimpa umeme, maji ya bomba yanayokuja na kuondoka, na wajawazito wengi kwa siku moja kuliko aliowaona kwa mwezi kisiwani. Miaka ya karibuni umempa pia mashine ya kusikilizia.

Watu wengi humtarajia ailalamikie. Yeye anaipenda. Kwa miaka yote hiyo, anasema, sauti ile aliisikia peke yake, mama akabaki kumwamini tu. Sasa mama anasikia mwenyewe mtoto wake. Mabinti wanairekodi kwenye simu na kuwatumia waume zao walioko machimboni Geita, na mmoja aliwahi kumwonyesha jibu la mumewe, mstari mzima wa michoro ya mioyo.

"Lakini nikianza, naanza na sikio," anasema. "Nikiweka sikio nasikia na joto la mama. Najua kama ana homa, kama ana hofu. Na nimezoea. Mtu ana haki ya kuwa na mazoea yake."

Sehemu inayofuata anaisimulia akiwa anatazama mikono yake.

Miaka mitatu iliyopita Josephat alianza kuvimba miguu. Akawa anapumzika mara mbili kwenye ngazi za mawe za kupandia nyumbani kwao, kisha mara nne. Hospitalini wakasema moyo umetanuka. Alilazwa, akapata nafuu, akalazwa tena, na mwisho akaomba arudishwe nyumbani. Aliketi siku nzima kwenye kiti sebuleni, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala alikosa pumzi.

Siku moja alasiri alimwomba mkewe alete fetoskopu. Sabina alijifanya hajasikia. Akaomba tena.

"Mimi ni muuguzi. Nilijua nitakachokisikia. Sikutaka. Lakini alikuwa Mwalimu. Nikaleta, nikapiga goti hapo kwenye kiti chake."

Alisikiliza moyo uliokuwa ukijikwaa, unakwenda mara mbili, mara tatu, unasita, unakumbuka, unaendelea.

"Natwanga?"

"Unatwanga."

"Unanidanganya, Mama Hellen."

"Unatwanga polepole," akamwambia. "Kinu kimekuwa kizito, lakini unatwanga."

Alitabasamu, akasema hilo anaweza kuliamini. Alifariki siku mbili baadaye, mchana, binti yao Hellen akiwa jikoni anamtengenezea uji. Sabina aliweka sikio moja kwa moja kifuani, bila kifaa, akasikiliza. Akaendelea kusikiliza. Hellen ndiye aliyemshika mabega na kumwondoa.

"Watu waliniambia baadaye, sista, wewe si unajua mambo haya, ulikuwa unasikiliza nini? Sikuwa nasikiliza kama nesi."

Walimzika Nabwera, jirani na wazazi wake, kama alivyotaka. Baada ya wiki moja Sabina alirudi kazini. Mama wa kwanza siku hiyo alikuwa na mapacha. Anasema alichelewa kuinuka, na mama yule akaogopa, akauliza kuna nini. Alimwambia hakuna kitu, ni raha tu, huku kuna kelele.

Sasa kustaafu kumekaribia, na ndani ya familia kumekuwa na mvutano. Hellen ni mwalimu wa sekondari Kisesa. Yeye na mdogo wake wamemjengea mama yao nyumba huko huko, karibu na barabara ya lami na hospitali. Sabina ana presha na anameza dawa kila siku. Kwa hiyo alipowaambia kwamba mafao yake atayatumia kuezeka upya nyumba ya Nabwera na kwenda kuishi huko, Hellen alikasirika.

"Nilimwambia, mama, wewe ndiye unayewaambia watu kila siku wakae karibu na huduma," Hellen anasema. "Sasa wewe mwenyewe unataka kwenda mahali ambapo ukizidiwa unasubiri boti. Nilimzika baba juzi. Sikutaka hata kulisikia jambo hilo."

Hawakuzungumza vizuri kwa miezi kadhaa. Simu zilikuwa za salamu na dawa tu. Pasaka iliyopita Hellen alikubali kwenda naye kisiwani kusafisha kaburi, akiwa na nia, anakiri, ya kumwonyesha mama yake jinsi nyumba ilivyochakaa.

Na ilikuwa imechakaa. Popo walikuwa darini na mlango wa nyuma ulikuwa umeliwa na mchwa. Zahanati ya siku hizi ina sola na muuguzi kijana, hilo Hellen alikwenda kulithibitisha mwenyewe, akamuuliza muuguzi kama dawa za presha zipo na boti ya wagonjwa inachukua muda gani. Lakini anasema si hilo lililombadilisha.

Walikuwa wakipanda kutoka ufukweni na mizigo yao. Wanawake waliokuwa wakishuka na ndoo walisimama njiani, wakazitua chini zote, wakamsalimia mama yake mmoja mmoja. Vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa familia ilipohama walimpokea mizigo. Hakuna aliyemwita sista. Wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mama Mwalimu.

"Mama alikuwa anatembea tofauti," Hellen anasema. "Mjini anatembea kama mtu anayewahi kazini. Kule alikuwa anatembea kama mtu aliyefika."

Kesho yake asubuhi Hellen aliazima kamba kwa jirani, akaanza kupima paa. Mabati yameshanunuliwa, yamehifadhiwa kwa shemeji yake anayeishi Kirumba, yakisubiri boti. Masharti ya binti ni mawili: simu iwe na chaji wakati wote, na kila mwezi mama aje Mwanza apimwe. Sabina ameyakubali, ingawa kwa hilo la simu anasema tutaona.

Anapanga kupanda mihogo nyuma ya nyumba na kuweka benchi mbele, upande unaotazama maji. Hana mpango wa kufungua duka wala kufuga kuku wa kisasa, kama wanavyomshauri wenzake waliotangulia kustaafu.

Tukiwa tunaagana, foleni ya wajawazito nje imeanza kunung'unika, naye anavaa miwani na kujitengeneza kola ya gauni lake jeupe. Namuuliza kama haogopi upweke huko.

"Upweke uko hapa," anasema. "Hapa mjini mimi ni mjane, kila mtu ananipa pole. Kule bado mimi ni mke wa Mwalimu."